Mtu Aliyekimbia na Mlango

Kila mnapotaka kwenda ukumbini, vijana wangu, mnapita kwanza barazani kwangu kuniuliza: Bibi, tukatazame mchezo gani? Mnadhani kwa kuwa niliifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, jibu ninalo tayari, kazi yangu ni kulitoa tu. Sinalo. Nina mambo mawili matatu ninayoyajua, na moja kubwa ambalo hadi leo halijaniingia akilini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye karatasi za ajira niliandikwa karani wa ukumbi, lakini Ujiji nzima iliniita Bi Zuhura wa Spika. Kikundi kikija na mchezo, mimi nilikaa nikautazama wakati wa mazoezi, halafu nikapanda pikapu yenye spika mbili juu, tukazunguka mjini, Bangwe, Kibirizi, hadi Simbo siku ya gulio, nikiwaambia watu waje kuuona. Ninyi leo mnaweka tangazo kwenye simu mkalala. Sisi tulilazimika kumtazama mtu usoni tunapomwambia njoo, na kesho yake kama mchezo haukumpendeza alitujia sokoni, tumeshika vikapu, akatuuliza ulikuwa upuuzi gani ule.

Aliyenifundisha ni Mzee Athumani, msimamizi wa ukumbi, mtu mfupi aliyependa kuongea huku amekupa mgongo. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba nisimwambie mtu mchezo ni mzuri. Nimwambie ni wa nani. Mchezo wa mkwe mgomvi, nadi kwa walioolewa karibuni. Mchezo wa mganga tapeli, simamisha gari karibu na wagonjwa wanaosubiri mabasi. Mtu akisikia kwamba mchezo unamhusu, atakuja hata kama viatu hana.

Alinifundisha pia kuangalia mwezi. Giza likiwa nene wavuvi wote wako ziwani na taa zao wakitafuta dagaa, kwa hiyo mchana wanalala, na ukiweka mchezo wakati huo utavichezea viti vitupu. Subiri mbalamwezi. Wavuvi wakipumzika wana nafasi, wameoga, na wake zao wanataka kutoka nao. Wakati wa masika usinadi mchezo wa maneno mengi, kwa sababu mvua ikilipiga bati la ukumbi hamsikii hata neno. Wakati huo nadi michezo ya kukimbizana na kuanguka. Na ukifika Simbo salimia kwanza kwa Kiha, hata kama chako ni kibovu kama changu. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimezaliwa katika Kiswahili, Kiha changu kiliishia kwenye salamu na bei za mihogo. Kumbukeni hilo la lugha, maana ndilo lililonifikisha kwenye mkanganyiko nitakaowaeleza.

Lakini kwanza niwachekeshe kidogo. Kuna kikundi kilikuja na mchezo wa huzuni, chifu amekufa, wanawe wanagombea urithi mbele ya maiti. Nikaunadi kwa sauti ya msiba, nikawaambia watu waje na leso. Wiki ile ukumbi ulikuwa umehifadhi magunia ya dagaa ya wafanyabiashara. Vumbi la dagaa lilikuwa kila mahali. Wana wa chifu wako katikati ya kulia, maiti ikapiga chafya. Ikajizuia, ikapiga ya pili kubwa zaidi. Mwana mkubwa, kwa kuchanganyikiwa, akasema, "Afya, baba." Ukumbi ulivunjika. Watu walicheka hadi wakatoka nje kupumua, na zile leso wakazitumia kufutia machozi ya kicheko. Kikundi kile kiliiacha chafya ndani ya mchezo, wakauzungusha mkoa mzima kama kichekesho. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba jina unalolipa mchezo asubuhi halina mkataba na jioni.

Sasa nije kwenye ile miaka ya wakimbizi.

Ninyi hamkuiona, au mlikuwa wadogo. Boti zilikuwa zinatia nanga na watu waliojaa mpaka ukingoni, na sisi tuliokuwa ufukweni hatukujua tuulize nini. Wengine walipelekwa kambini, wengine walikuwa na ndugu zao waliohamia hapa zamani, wakaingia majumbani Bangwe na huku Ujiji. Redio ilisema hili, mtu aliyeshuka botini alisema lingine. Ulisimama sokoni na mwanamke anayekuuzia mawese, hujui kama ni jirani yako wa siku zote au amefika juzi, maana Kirundi na Kiha vinafanana na mie vyote viwili vilinipita kando.

Wakati huo ndipo akaja ukumbini Mwalimu Nestori. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwao Burundi, sasa yuko kambini, ameunda kikundi cha kuigiza. Kijana mrefu, mwenye adabu, aliyenipa shikamoo na kunishukuru hata kabla sijamfanyia kitu. Walikuwa wamepata kibali cha kutoka kambini kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, waonyeshe kichekesho. Alinieleza wazi kwamba wakubwa wa kambi wangeuliza mambo yalikwendaje. Yakienda vizuri wangeruhusiwa kuzunguka kambi nyingine na miji mingine. Yakiharibika, ndio basi, wangerudi kukaa kwenye mahema wakitazamana.

Nikautazama mchezo mazoezini. Mume na mke wanagombana wakati wa kukimbia vita. Mke anamwambia mume abebe kitu fulani, anatoka mbio na watoto, na mume anang'oa mlango wa nyumba, anaubeba mgongoni, anavuka nao milima, mto, vizuizi vya barabarani, kila anayekutana naye anamuuliza mlango wa nini. Walicheza kwa Kiswahili, ila pale penyewe mke anapotoa agizo walisema kwa Kirundi, na wenzao waliokaa pembeni wakajipindua kwa kicheko. Mimi niliona mtu amebeba mlango. Nilitabasamu kwa adabu. Nilimuuliza Nestori kama ni kichekesho kweli. Akaniambia, "Mama, kule kambini watu wameanguka kwenye viti." Basi nikapanda pikapu nikanadi kichekesho. Nikasema: wewe uliyewahi kuhama nyumba na mwenzako, huu ni wako.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Mbele walikaa watu wa Ujiji, kina mama wa mtaani kwangu na waume zao. Nyuma walisimama Warundi wa Bangwe na wa sokoni, wa zamani na wapya. Mchezo ukaanza, mke akatoa lile agizo, mume akaanza kupambana na bawaba. Nyuma pale pakalipuka. Watu walicheka, wakapigana mabegani, mwanamke mmoja akakaa chini kabisa. Mbele kimya. Watu wa Ujiji waliona mtu anayekimbia vita na mzigo usio na maana, na kina mama kadhaa walikuwa wanalia. Jirani yangu mmoja aligeuka nyuma, akawaambia wale watu kwa uchungu kwamba hawana haya kucheka mambo kama hayo. Wale wakanyamaza kidogo, halafu wakashindwa, wakacheka tena.

Nilisimama kando ya jukwaa nimeshika kamba ya pazia, sijui nimeuza nini. Nilimuuliza mmoja wa waigizaji aliyekuwa anasubiri zamu yake wanacheka nini. Akashangaa kwamba sijaelewa. Akanieleza kwamba kwa lugha yao neno umuryango ni mlango wa nyumba, na pia ni familia. Mke amemwambia mume abebe familia. Mume amebeba mlango.

Nilitaka kukimbilia mbele nikawaeleze watu wangu, lakini nilifundishwa kwamba kichekesho ukikieleza unakizika. Na kabla sijaamua, likatokea lile jambo.

Kutoka kule nyuma mama mmoja wa makamo, amevaa kitenge na kitambaa cheusi kichwani, alikuja mbele akipita katikati ya viti, taratibu, kama mtu anayekwenda kwake. Nilimfahamu kwa sura, aliitwa Mama Anastazia, aliishi Bangwe kwa ndugu wa mumewe. Akapanda jukwaani. Watu wakapiga makofi wakidhani ni mama mkwe, maana michezo yetu yote mama mkwe huingia hivyo. Nestori alikuwa ameinama na mlango mgongoni. Mama Anastazia akashika pembe ya chini ya mlango, pale palipokuwa na kiraka cha bati la debe lenye picha ya jogoo, akakipapasa.

"Huu ni mlango wangu," akasema.

Ukumbi mzima ukacheka, nyuma na mbele, kwa mara ya kwanza pamoja.

Nikamgeukia Mzee Athumani, nikamuuliza kama hii imo kwenye mchezo. Alikuwa amenipa mgongo kama kawaida, macho kwenye jukwaa. Akasema hajui. Nikauliza nifunge pazia. Akasema kama hajui mchezo umeishia wapi, hawezi kufunga pazia.

Niwaeleze hapa yale niliyokuja kuyajua baadaye, msije mkapotea kama nilivyopotea mimi. Ule mlango haukuwa wa kutengeneza. Nestori alipokimbia alikuwa na mama yake mzazi, mgonjwa wa miguu. Karibu na ziwa, upande wa kwao, aliikuta nyumba tupu kando ya njia iteremkayo bandarini, akaung'oa mlango, yeye na shemeji yake wakamlaza mama juu yake wakambeba mpaka kwenye boti. Mlango ukavuka nao. Kambini ulikuwa meza, ulikuwa kitanda, na watu walimtania kila siku kwamba ndiye mtu aliyekimbia na mlango. Mchezo ulizaliwa kwenye utani huo. Na nyumba ile ilikuwa ya Mama Anastazia. Yeye alikuwa ametangulia kuvuka na wajukuu. Mumewe, Mzee Barnaba, alibaki kulinda nyumba na michikichi. Tangu siku hiyo hakuwa na habari yake yoyote.

Turudi jukwaani. Nestori aliinuka polepole akauweka mlango chini, akauegemeza begani. Nilimwona uso. Alikuwa ameelewa. Watu walikuwa bado wanacheka, mmoja akapaza sauti kumwambia amrudishie mama mali yake.

Mama Anastazia hakumdai. Alimsogelea akamuuliza jambo moja, kwa Kiswahili, labda kwa sababu mchezo ulikuwa wa Kiswahili:

"Mwanangu, ulipoukuta, ulikuwa umefungwa au uko wazi?"

Vicheko vikapungua. Nadhani kila mtu, aliyejua na asiyejua, alilisikia swali lile lilivyo. Mlango uliofungwa maana yake mwenyewe aliondoka kwa miguu yake, akafunga nyumba akaenda. Mlango ulio wazi, kila mtu afikirie mwenyewe.

Nestori alinyamaza. Nimewatazama waigizaji maisha yangu yote, najua mtu anayekumbuka anavyonyamaza na najua mtu anayetafuta maneno anavyonyamaza. Siku ile sikuweza kutofautisha.

"Ulikuwa umefungwa, mama," akasema. "Kwa nje. Kwa kofuli. Ndiyo maana tuling'oa bawaba."

"Ego," akasema Mama Anastazia, ndiyo ya kwao. Akaitikia tena, kwa sauti ya chini. Halafu akashuka jukwaani akarudi alikotoka.

Makofi yalipigwa ambayo sijayasikia tena pale ukumbini. Nestori akaubeba mlango akamaliza mchezo, na sasa watu wa mbele ndio waliocheka na wa nyuma ndio waliolia. Pazia nililifunga mwenyewe, sijui nimeona nini.

Jumapili asubuhi nilipaswa kupita tena na spika. Nadi nini? Nikiwa njiani kuelekea Kibirizi, watu walisimamisha gari kuniuliza yule mama atakuwepo leo. Mmoja aliniuliza yule mwigizaji mkongwe mmemtoa wapi. Mwingine akaniuliza kinachekesha au kinaliza, ajue kama aje na watoto. Nikashika kipaza sauti, nikasema njooni mwone mtu aliyekimbia na mlango, nikazima. Ndilo tangazo fupi kuliko yote niliyowahi kutoa.

Mama Anastazia alikuja kweli, akakaa kiti cha mbele. Ilipofika pale pa kupanda jukwaani watu wote walimtazama yeye badala ya jukwaa. Hakuinuka. Pale mke aliposema umuryango alicheka kwa sauti, akajipiga paja, na basi. Wakati wa kutoka watu wengine walinung'unika kwamba tumeikata sehemu iliyo nzuri. Nestori akamwendea na mlango, akataka kumkabidhi. Alikataa. Alimwambia auzungushe. Huenda katika kambi atakazopita yupo mtu anayekijua kiraka kile, maana Barnaba alikiweka kwa mkono wake mwenyewe. Mkubwa wa kambi aliyekuja na kikundi aliniuliza mambo yalikwendaje. Nilimwambia yamekwenda vizuri sana, ingawa sikujua nilikuwa nasema nini. Wakapata kibali chao.

Baada ya hapo Mama Anastazia alibadilika. Kabla ya siku ile alikuwa mjane asiyetangaza. Sasa alikuwa mke anayemtafuta mumewe. Aliniambia waziwazi: mtu aliyefunga kofuli alikuwa na muda wa kufikiri, na aliyekuwa na muda wa kufikiri yuko mahali. Alishinda Kibirizi kwenye boti za biashara, akiwasomesha wachuuzi wa mawese na vitenge sura ya mumewe, urefu wake, kovu lake la kidevuni. Tulidhani amechanganyikiwa. Mimi mwenyewe nilijaribu kumpooza.

Masika yakaja yakapita. Kisha mchuuzi mmoja akaleta habari kwamba upande wa Kongo kuna mzee mwenye kovu anafanya kazi kwenye kinu cha mawese. Mama Anastazia akatuma salamu, salamu zikarudi, na siku moja Mzee Barnaba akashuka botini Kibirizi, amekonda, amevaa koti la mtu mwingine. Walisalimiana kwa kushikana mikono, kama watu wanaoheshimiana. Mimi nililia kwa niaba yao.

Kikundi cha Nestori kilipopita tena Ujiji, Mama Anastazia alitualika chakula, mwalimu na mimi. Tukakaa mkekani, ugali wa muhogo na migebuka. Mzee Barnaba alishasimuliwa habari za mchezo, akafurahi sana kumwona mtu aliyebeba mlango wake. Tukiwa tunakula, akaanza kueleza siku aliyoondoka. Alikuwa kisimani. Alisikia milio, akaruka na ndoo mkononi, akashika njia ya ziwani, hakurudi nyumbani hata kuchukua shati. Nyumba aliiacha wazi mbele na nyuma.

"Hilo kofuli mnalolisema silielewi," akasema. "Kofuli letu lilipotea kabla hata ya vita."

Nestori alikuwa ameshika tonge. Halikwenda mdomoni wala halikurudi kwenye sinia. Mimi nilitazama samaki.

Mama Anastazia alimwongezea mumewe mchuzi.

"Kofuli lilikuwepo," akasema.

"Mimi ndiye mwenye nyumba, nakwambia..."

"Lilikuwepo, Barnaba. Ndilo lililonifanya nikutafute. Kula."

Mzee alimtazama mkewe, akamtazama mwalimu, akanitazama mimi. Sikujua niweke uso gani. Akamega ugali.

"Labda nililifunga nikasahau," akasema. "Mtu akiwa na hofu."

Tukaendelea kula. Nestori alikula kidogo sana.

Nilimsindikiza mpaka njia panda, na hapo nikamuuliza waziwazi, kama mama anavyomuuliza mwanawe, alikuta nini kwenye ile nyumba. Akaniambia siku ile alimwona mama yule uso, na kofuli likaja mdomoni lenyewe. Tangu hapo amelifikiria mara nyingi hata sasa analiona, rangi yake, kutu yake, na hawezi tena kuapa kwamba halikuwepo. Halafu akaniuliza mimi, mama niliyezoea kuwaambia watu waende kutazama kipi na kipi: ningekuwa mimi nimesimama pale, ningejibuje?

Kazi yangu ilikuwa kusema. Nilimshika mkono, nikamwambia gari la kikundi linamsubiri, asichelewe. Ndivyo tulivyoagana, na hadi leo, wajukuu zangu, sijui ningejibuje.